Motokaa Iliyopoteza Pumzi

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msidhani motokaa imeanza kuwachosha watu enzi zenu. Wakati wa Mdachi mume wangu alikuwa mwosha motokaa wa bwana mmoja mwenye shamba, huku Bigwa. Siku moja bwana alifungua injini akwangue masizi, akamtupia vyuma: "Ving'ae!" Mume wangu akavileta nyumbani. Nikatoa majivu na mchanga laini wa mtoni, ule wa kusugulia vyombo. Tukasugua wawili mpaka vikang'aa.

Mwezi haukuisha, motokaa ikashindwa kupanda kilima. Bwana akasema mume wangu ameiba petroli akatia maji. Akaamuru kesho yake apigwe hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, mbele ya watu. Na mgongo wake ulikuwa haujapona viboko alivyopigwa kabla ya hapo.

Asubuhi nikampelekea uji, nikamkuta anazungusha hendeli ya kuwashia motokaa. Ilizunguka bwerere kama kinu kitupu. Wenzake wakacheka: "Shemeji, hiyo imekata roho, leta sanda!"

"Chekeni tu," nikasema. Nikamgeukia mume wangu. "Zamani ilikuwaje?"

"Nzito. Inakurudisha mkono."

Baba yangu alikuwa mhunzi. Mivukuto yake ikipoteza upepo, alimimina mafuta ya mbarika ndani ya ngozi. Upepo ukirudi, ngozi ndiyo inayovuja. Usiporudi, aliangalia mdomoni. Bwana alipokuja, nilimweleza hayo. Alinitazama kama mbuzi aliyesema, lakini akatoa plagi, akatia mafuta kidogo, akazungusha mwenyewe. Hendeli ikawa nzito. Mizunguko michache, ikalegea tena.

Akaona kumbe ni upepo unaovuja ndani; habari ya petroli ikaishia hapo. Akafungua injini. Ringi, vile vyuma vya duara vinavyoziba upepo, zilikuwa zimelika, na katika mifereji yake mna mchanga.

"Nani alisugua kwa mchanga?"

Nilikwisha kufungua mdomo. Mume wangu akanikanyaga mguu.

"Mimi, bwana. Peke yangu."

Kwa kosa hilo walimpiga kumi na tano. Nilisimama pale na kibuyu cha uji mkononi, na maneno yangu mdomoni. Mpaka leo sijayatema, na yamenichosha kuliko jembe.

Jioni, nikimkanda kwa maji ya chumvi, niliwaita wifi zangu na wanangu wote. "Kazi ya bwana iishie kwa bwana," nikawaambia. "Humu ndani usiingie hata msumari wake."