Pamba Kwenye Matundu ya Kabati

Kisa hiki sikusimuliwa na mtu. Nilikishika kwa mkono wangu huu wa kulia na, uniwie radhi kama unasoma huku unakula, nilikionja pia kwa ulimi. Wapo wanaoniambia nilikuwa na malaria siku ile. Malaria gani hiyo yenye harufu? Nisikilize kwanza mpaka mwisho, halafu useme utakavyo.

Miaka ile nilikuwa fundi redio mjini Bariadi, na kibanda changu kilikuwa nyuma ya soko. Biashara ndiyo kwanza ilikuwa imefunguliwa. Vitu ambavyo zamani tulivisikia kwa watu waliotoka Nairobi vilianza kushushwa Mwanza na kutufikia vikiwa bado kwenye maboksi yake. Pamba nayo ikafunguliwa. Si ushirika peke yake tena uliokuwa unanunua, watu binafsi nao waliruhusiwa, na kila msimu ukizaa matajiri wake.

Mmoja wao alikuwa Bwana Luhende. Zamani alikuwa karani wa mizani, sasa ana magari mawili yanayozunguka vijijini kubeba pamba. Alijenga nyumba kubwa ya bati pembeni mwa mji, njia ya kwenda Kasoli, na chumba cha mbele akakifanya ukumbi wa video. Alileta televisheni, deki, spika za urefu wa mtoto wa darasa la kwanza, na amplifaya tatu nzito. Jenereta akaiweka nyuma ya nyumba. Akaniita nimtengenezee kabati la mbao lenye kufuli, vyombo vyote vikae humo, watazamaji wasivichezee.

Nilimweleza kwamba amplifaya hazipandikizwi moja juu ya nyingine kama magunia. Zinachemka, na ya chini inaipika ya juu. Basi nikapiga shelfu tatu, kila chombo kikapata nafasi ya kiganja juu yake. Ile kubwa yenye joto kali nikaiweka juu kabisa, joto lake liondoke bila kuzigusa nyingine. Mgongoni mwa kabati nikatoboa matundu, safu moja chini ya kuingizia hewa baridi, safu moja juu ya kutolea hewa ya moto, na ndani nikafunga feni ndogo. Kabati lenyewe nikalisogeza mbali na ukuta, mtu aweze kupita kiubavu nyuma yake. Ilikuwa kazi safi. Watu walijaa kwenye mabenchi, muziki ukasikika mpaka barabarani.

Kisha mkewe akaja kibandani kwangu. Tulizoea kumwita Mama Limi, mwanamke mpole, mwenyeji wa Shishiyu. Alisema vyombo vinazimika katikati ya picha, watu wanapiga kelele, na chumba kinanuka. Nilimwambia ni mjusi. Mijusi hupenda joto, huingia ndani ya amplifaya na kukaangika kwenye transfoma, nimeshawatoa wengi. Akatikisa kichwa.

"Matundu yako yanazibwa, fundi," akasema. "Baba Limi anasema ninayaziba mimi. Njoo uone wewe, maana mimi siaminiki."

Nilimwahidi kwenda, lakini moyoni nilicheka. Niliona ni ugomvi wa mke na mume.

Nilifika mchana, jua likiwa kali hata mbwa wamejificha. Nilimsalimu Mama Limi kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," akaitikia, akanifungulia mlango wa ukumbi. Yeye hakuingia. Alibaki uani, Limi akiwa mgongoni mwake. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Jenereta ilikuwa imezimwa tangu usiku uliopita, na hilo nakuomba ulishike vizuri, maana wengi hunikatiza hapo.

Harufu ilinipokea mlangoni. Haikuwa ya mjusi. Umewahi kusahau nyama ya mafuta kwenye sufuria iliyofunikwa, ukasafiri, ukarudi ukafunua? Ilikuwa hiyo, pamoja na utamu fulani ndani yake, na utamu huo ndio uliokuwa mbaya zaidi. Nilifunga pua kwa leso, nikajipenyeza nyuma ya kabati.

Safu yote ya juu ilikuwa imezibwa kwa pamba. Pamba mbichi, ya shambani, imesokotwa vidonge na kushindiliwa. Nilichomoa ya kwanza kwa vidole. Ilikuwa imelowa, ya manjano, ikatoka ikivuta ute mrefu kama mlenda. Ndani yake mlikuwa na vinywele vifupi vyenye mvi. Nikajifuta kwenye suruali, nikachomoa ya pili, nikachomoa na nyingine. Kila niliyotoa iliacha tundu likitoa jasho. Mbao zangu mwenyewe, nilizozipiga randa na kuzikausha, zilikuwa laini kama ufizi.

Tundu moja lilikataa. Pamba ilikuwa imeingia ndani mno. Nikafanya tunachofanya mafundi wote kila siku, nikaweka mdomo kwenye tundu, nikapuliza.

Pumzi ikarudi.

Niamini. Sisemi upepo. Kulikuwa na pumzi ya mtu mle ndani, ya moto, yenye maji, ikanijaza mdomo mpaka mashavu yakavimba, na pamoja nayo kikaja kidonge cha pamba kikakaa juu ya ulimi wangu. Kilikuwa na chumvi. Nilikitema, nikatema tena. Akili ikaniambia ni feni. Feni ipi, na umeme hakuna?

Nilipoinua kichwa nikaona siko peke yangu. Upande wa pili wa ule uchochoro kati ya kabati na ukuta alisimama mwanamume mrefu, amejifunika shuka mabegani, ameegemeza shavu kwenye ubao. Alikuwa akitetemeka. Nikadhani ni mgeni wa nyumba hiyo, mgonjwa wa homa, kapumzika mle kwa sababu ya kivuli. Nikamsalimu kwa heshima, maana alinizidi umri. Hakuitikia, ila alinyoosha mkono. Mtu mzima akikupa mkono utaukataa?

Nikaupokea. Ngozi ya mkono ule ilitembea juu ya mifupa kama soksi iliyolegea. Ilikuwa baridi na imelowa, na nilipoutoa mkono wangu, kiganja chote kilikuwa kimejaa nyuzi nyeupe zilizonata.

"Ziba, fundi," akasema. "Joto linatoka."

Sauti ilipita puani, kama ya mtu mwenye mafua makali. Nikaona sababu. Pua zake zote mbili zimejaa pamba. Akaingiza kidole, akaanza kuivuta. Ilitoka, ikaendelea kutoka, ndefu kuliko pua yoyote inavyoweza kubeba, na haikukatika. Akaikunja, akaitia mdomoni, akaitafuna taratibu ilainike. Kisha akasogea, akaishindilia kwenye tundu nililokuwa nimelifungua, akaisawazisha kwa kidole gumba kama mwashi anayeziba ufa. Akarudia kwa pua ya pili. Tundu moja lililobaki wazi akaliwekea midomo yake, palepale nilipokuwa nimeweka yangu, akaanza kunyonya. Nilisikia koo lake likimeza.

Sijui nilitokaje. Najua tu nilitokea upande mwingine, nikaangusha benchi, na nilipopata fahamu nilikuwa uani nimeshika ukuta, natapika chai na chapati za asubuhi, na baada ya hapo natapika maji matupu.

Mama Limi aliniletea maji kwenye kata. Hakuniuliza nimeona nini.

"Leo alikuwa amesimama?" akauliza. "Mimi huwa namkuta amelala juu ya kabati."

Ndipo aliponisimulia, akiwa bado amemfunga mtoto mgongoni. Yule alikuwa Malale, kaka mkubwa wa mumewe. Ndiye aliyemlea Luhende baada ya baba yao kufa, na walianza biashara ya pamba pamoja. Msimu uliopita alilala ghalani kulinda mali, lundo la pamba likamporomokea. Walipomfukua, pua na mdomo vilikuwa vimejaa. Magari yalikuwa yanasubiri kwenda kiwandani, basi Luhende akamzika haraka haraka, hakuna aliyekaa matanga. Ng'ombe wa marehemu akawapeleka mnadani, akasema anakuza biashara ya familia. Wale ng'ombe ndio waliogeuka televisheni na amplifaya. Mjane na watoto wake walirudi Nkoma bila hata ndama.

Tangu muziki uanze kupigwa, Malale alikuwa akija kuota joto. Kila asubuhi Mama Limi alichomoa pamba kwa vidole vyake, na jioni mumewe alikuta nyingine. Alipomweleza anayemwona, akampiga. Baadaye akaanza kuwaambia ndugu kwamba mkewe ni mchawi, anamharibia biashara. Wewe unayesoma ukiwa mbali huenda neno hilo ukalichukulia kama tusi tu. Kwetu, miaka ile, mwanamke aliyeitwa hivyo alilala akisikiliza mlango.

Tukiwa hapo hapo, gari la Luhende likaingia. Alinikuta nimechafuka shati, akamwangalia mkewe, akamuuliza kwa ukali amenilisha nini. Mama Limi aliniangalia mimi.

Nitakwambia ukweli, ilikuwa rahisi kusema nimetoa mjusi. Ningepewa chochote nikaenda zangu, na mteja mkubwa ningebaki naye. Lakini ladha ile ilikuwa bado mdomoni. Nikamwambia Luhende yote, kuanzia pamba hadi mkono niliopewa. Nikamwambia mkeo hajaziba tundu hata moja.

Alicheka. Akasema mkewe amenihonga. Akatoa funguo, akaingia ukumbini kwa hatua za mtu anayekwenda kumuumbua mwongo, sisi tukasimama mlangoni. Akafungua kufuli, akaingiza mkono nyuma ya ile amplifaya kubwa ya juu. Mkono ukaingia mpaka kwenye kiwiko. Kicheko kikamkauka usoni.

Alipoutoa, ulikuwa umevikwa pamba iliyolowa kutoka vidoleni hadi kiwiko, inadondosha majimaji kwenye sakafu. Hakuikung'uta. Aliuleta mkono karibu na pua, akanusa, akakaa kwenye benchi kama mzee.

"Huyu ni kaka," akasema. "Niliyemwosha ni mimi. Naijua harufu hii."

Hakuna picha iliyoonyeshwa jioni ile. Kesho yake vyombo vilitolewa vyote, na Luhende akauza alivyoweza kuuza kwa watu wa mbali. Aliniomba nivisafishe kwanza, nikakataa. Kabati tulilichoma nyuma ya nyumba, na mbao zile kavu za mninga zilitoa mafuta kwenye moto, zikichuruzika kama nundu ya ng'ombe inayochomwa. Majirani walifunga madirisha. Kisha akanunua ng'ombe, akawaswaga mwenyewe kwa miguu hadi Nkoma kwa mjane wa kaka yake, wakachinja, watu wakalala matanga kama inavyotakiwa. Baada ya hapo hakuna tena aliyemwona Malale, angalau hakuna aliyesema.

Mama Limi alisubiri matanga yaishe, akafunga nguo zake, akamchukua mtoto wake, akarudi kwao Shishiyu. Luhende alimfuata mara kadhaa na wazee wa ukoo, akaomba msamaha mbele ya baba mkwe. Ng'ombe aliweza kuwarudisha. Neno lile alilomwita mkewe mbele za watu hakuweza kulirudisha, naye mwanamke hakurudi.

Na mimi? Mlenda sili tena, hata harufu yake ikipita nainuka mezani. Vumbi la redio nalipuliza kwa pampu ya baiskeli, na wateja wanacheka. Kikombe alichonywea mtu mwingine sikigusi. Hayo ungeweza kuyaita kinyaa tu, nami ningekubali. Lakini kila msimu wa pamba, magari yanapoanza kupita yamejaa na nyuzi zinapeperuka barabarani, naamka asubuhi nina kitu juu ya ulimi. Nakivuta kwa vidole. Ni uzi mweupe, umelowa, na kila mwaka unakuwa mrefu kidogo kabla ya kukatika. Mke wangu ameuona. Alitupa mito yote ya nyumba akidhani inatoka humo, tukalalia kanga zilizokunjwa, na uzi ukaja vilevile. Siku hizi hauulizii tena. Ananipa maji nisukutue, anageuka upande wa pili.

Basi wewe fundi kijana, ukiitwa kuangalia chombo kinachochemka, angalia kwa tochi, usitangulize mdomo. Ukikutana na mtu anayetetemeka kwenye jua letu la Simiyu, msalimie ukiwa mbali, hata akikuzidi umri. Marehemu wako mpe matanga yake kabla hujagusa mali yake. Na mwanamke akikwambia kuna kitu kinanuka ndani ya nyumba yake, usimcheke. Nenda ukanuse.