Refa Aliniambia Nirudi

Watu wangu, leo Wanjiku ameniambia nirudi. Mbele ya watu wote.

Ngojeni kwanza.

Wanjiku ni yule tuliachana akahamia Mugutha. Alisema tumemalizana, na Wanjiku akisema kitu hageuki. Sikujua siku hizi ni refa wa beisiboli. Leo tunacheza hapa Thika, nainua macho, ni yeye.

Nikakimbia hadi base ya pili, nikateleza kwa vumbi.

"Out!"

Yaani nimetolewa. Sauti ni ile ile. Sikubishana. Nimezoea.

Nikaanza kutembea polepole kwenda benchi. Huko nyuma refa mwenzake akamwita, wakanong'onezana. Kumbe yule mpinzani aliyenigusa na mpira ili nitoke aliuangusha, na Wanjiku hakuona.

Akasimamisha mechi, akainua mkono.

"Nimekosea! Uko safe. Rudi."

Ngai! Vile nimengoja hayo maneno tangu aende.

Nikajikuta nauliza, "Nirudi wapi?"

"Base ya pili."

Timu nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Aliangalia chini, akapangusa vumbi kwenye viatu vyake, vumbi ambalo halikuwepo.

Sasa niambieni ukweli. Hapo mimi ni out ama safe?