Asidi Amino ya Sita

Msimu wa kahawa, harufu ya maganda yanayochachuka huingia hadi mitaa ya Mbinga mjini. Nikiinusa tu, huanza kuwaza upya mambo yasiyoweza kubadilika.

Dada yangu Skola alikuwa akivimba vidole na kulia maumivu ya mifupa. Kwetu Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa, watu walisema joto la ziwani ndilo linalomsumbua, apelekwe milimani akapoe. Basi likizo ya Juni, baridi ikiwa imekolea, tulipelekwa wote wawili Ruanda, kijiji cha milimani huku Mbinga, kwa shangazi, dada yake baba.

Mimi nilikuwa mwoga wa kila kitu. "We hata kuku akikutazama unaomba radhi," Skola alinitania. Yeye aliipenda kazi ya kuosha kahawa. Ikishamenywa, huteleza mikononi kama samaki. Alizamisha mikono hadi viwikoni katika maji baridi ya mtoni, huku akiimba.

"Watoto wa ziwani, maji si ndiyo kwenu," shangazi akacheka.

Jioni maumivu yakaanza. Shangazi alimfunika mablanketi yote ya nyumba, akamkanda kwa maji ya moto. Bodaboda ilipotufikisha hospitali, Skola alikuwa hasemi tena. Tulimrudisha Ngumbo kumzika. Tangu hapo mama alimlaumu shangazi, hakuongea naye tena, na mimi nikakatazwa hata kumpa shikamoo.

Chuoni nilijifunza kuhusu selimundu, ugonjwa wa damu aliokuwa nao Skola. Herufi moja ya jeni hubadilika, na asidi amino ya sita kwenye mnyororo wa hemoglobini inakuwa nyingine. Ile ya kawaida hupenda maji. Hii huyakimbia, ikajishikiza kwa hemoglobini ya jirani, nyuzi zikaipinda chembe ya damu. Mtoto huugua akipata jeni hiyo kwa wazazi wote wawili. Baridi huamsha maumivu tu.

Mwaka huu, nikiwa na shahada na sina kazi, nilimweleza mama. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa wiki nzima, nikiamini nitawapatanisha.

Mama aliacha kuanika usipa, dagaa wa ziwani. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyempa?"

"Wewe na baba, mama. Hamkujua."

Akasema taratibu, "Si ungeniachia tu shangazi yako."

Utotoni niliona chuki peke yake. Sikujua kwamba mama alikuwa amepata pa kuuweka msiba wake. Sasa hana.