Birika ya Umeme na Makaa ya Mama Mukwe

...na ndiyo, dada zangu, tulichagua ile birika ndogo!

Dukani Mushaki, Faustin wangu alitaka birika kubwa, inayong'aa kama kioo. Nikajaribu kuingiza mkono: mdomo mwembamba, nitaisugua namna gani? Akacheka. "Madamu amesema." (Huyu bwana, jamani!)

Leo asubuhi tukaijaza maji, tukaichomeka kwenye umeme wa plantasyo, hili shamba kubwa tunamoishi.

Hodi!

Mama mukwe, toka huko kwenu Nyamitaba, ameshika chungu cha makaa yaliyofunikwa majivu. Munajua desturi ya huko: moto wa kwanza wa bibi-arusi unatoka kwa mama ya bwana. Nilisahau kabisa!

Na maji yakaanza kuunguruma.

Nikajua nimemudharau: nimechemsha bila moto wake.

Mama akapapasa chini ya meza ya birika. Baridi. "Moto iko wapi?"

"Inapita mu kamba, Mama," Faustin akajibu.

Akatazama mvuke, mdomo wazi, sawa na mimi. Kisha akamwaga makaa yake mafigani.

"Ile ipike chai. Hii njo itapika ugali. Na muniletee hiyo kitu Nyamitaba, wamama waione."

"Mama, kwetu hakuna umeme!" Faustin akasema.

"Muilete hata baridi."

Basi mutungojee: mbele ya mwezi kuisha tunapanda Nyamitaba, mimi, Faustin na birika baridi!