Rejista ya Feza Ndani ya Kaseti

Siku yangu ya kwanza kazini niliunguza redio ya mkurugenzi. Nilikuwa kijana katika karakana ya redio ya mji mmoja wa migodi, kule Katanga, nikijiona fundi hata kabla sijashika chuma cha kulehemu. Shefu wa atelie, yaani mkuu wa karakana, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, hakunipigia kelele. Alisema tu, "Mutoto, masini haina haraka. Weye njo uko na haraka." Akanipa ufagio mwezi mzima. Ninyi mnaojifunza kutengeneza simu kwa kutazama video hamuujui ufagio huo, na kazi zenu zinaonyesha.

Baadaye nilihamia misheni moja karibu na ziwa Mweru, upande wa Kongo. Nilitunza jenereta, redio ya mawasiliano na friji ya chanjo. Mkubwa wangu alikuwa Padri Msimamizi, muzungu asiyetupa kitu, hata msumari. Aliporudi kwao aliniachia kompyuta yake ya nyumbani, ya zamani hata wakati ule: sanduku jembamba la vibonyezo linalounganishwa na televisheni, na kazi yake huhifadhiwa kwenye kaseti kama za muziki. Kumbukumbu yake yote haitoshi picha moja ya simu zenu. Padri alinionya, "Kichwa yake ni kidogo. Andika paka kile kinafaa," yaani kile tu kinachofaa.

Mke wangu Feza alikuwa mkunga wa zahanati ya misheni. Kila Jumapili baada ya misa alileta rejista ya uzazi, akanisomea, nami nikachapa. Hayo yalikuwa mapenzi yetu, kama mnataka kujua. Miaka mingi baadaye, vita vilipotufikia, zahanati iliungua, na rejista ya karatasi ndani yake. Tulivuka kuingia Zambia na mafurushi. Feza alinicheka njiani: "Benzako banabeba unga, weye unabeba kasanduku!" Alifariki Mantapala, kambi yetu ya wakimbizi huko, mvua za mwaka wa pili. Kasanduku nilikafunga kwenye kitenge chake pamoja na kaseti, sikukagusa tena.

Mwaka huu alikuja Mwadi, mwanamke wa upande wa pili wa kambi, na mtoto mchanga mgongoni.

"Papa," alisema, "banasema mama Feza alinipokeaka mi mwenyewe. Mama yangu alikuwa mugeni, alikimbiaka vita ya zamani, akanizaa, akakufa. Hakuna mutu alimujua. Natafuta jina yake, nipatie uyu mutoto."

Kwetu mtoto hurithi jina la marehemu wa ukoo. Asiyepewa jina ni kama mgeni asiyekaribishwa ndani. Nilimkumbuka yule mama, na Feza akirudi nyumbani asubuhi ile na kanga iliyolowa. Jina lake sikulikumbuka. Lakini Feza aliliandika, hilo nililijua, na alinisomea. Nikamwambia Mwadi, "Nipe siku kidogo."

Hazikuwa siku, zilikuwa wiki. Mikono yangu inatetemeka siku hizi. Nilifungua mashine nikakuta kapasita, vile vikebe vinavyoshika umeme kwa muda, vimevuja na kula shaba ya bodi. Nilivitoa kimoja kimoja. Vingine vya kuweka nilivipata Nchelenge, mji wa jirani, kwenye televisheni zilizokufa za mfanyabiashara mmoja, aliyenitazama kwa huruma. "Ba shikulu," aliniita, yaani babu kwa Kibemba, "hii kitu ni ya kutupa!" Nilimwambia na mimi pia, lakini bado natembea. Sehemu ya umeme iliyokuwa ikichemka niliitoa, nikaweka ya chaja ya gari, ili mashine iishi kwa betri ya sola. Nikakata njia ya antena na kupeleka picha moja kwa moja kwenye televisheni ya leo. Utepe wa vibonyezo ulikuwa umekauka na kukatika, nikaunga nyaya nyembamba mahali pake. Sijawahi kufanya kazi safi kuliko ile.

Mwadi alikuja alasiri. Nilikisafisha kinasa sauti cha kuchezea kaseti kwa pamba na spiriti, nikaingiza kaseti. Ililia ule mlio wake mkali, mistari ikacheza pembeni mwa kioo, na mtoto akaamka. Nikaiacha izunguke mpaka mwisho. Haikupotea hata herufi moja.

Nikamtafuta Mwadi kwenye orodha. Alikuwepo: jina lake, siku yake, uzito wake. Akainama, akasoma polepole kwa sauti.

"Mama: Mama Mwadi."

Akanitazama. "Ile ni jina yangu, Papa. Yake iko wapi?"

Ndipo nilipokumbuka. Feza alisoma majina kamili, ya mama, ya baba yake na ya kijiji. Mimi ndiye niliyefupisha. Kumbukumbu ilikuwa ndogo, na kwetu mwanamke aliyezaa haitwi jina lake tupu, huitwa kwa mtoto wake. Niliona natunza nafasi na heshima kwa pamoja. Nilishusha orodha yote mbele yake. Mama Kasongo. Mama Ilunga. Mama Kabwe. Wanawake wote wa kijiji, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jina.

"Mi njo nilimufuta," nikamwambia. "Si vita. Ni miye."

Hakunitukana. Alimpandisha mtoto mgongoni, akafunga kitenge. Mlangoni aligeuka. "Basi andika yangu, Papa. Yote. Leo."

Nikaandika: Mwadi, na jina la mama aliyemlea, na la kijiji. Alisimama nyuma yangu mpaka nikamaliza, akahakikisha, akaondoka.

Watu huniuliza kustaafu kukoje. Naketi, nafanya kazi ambayo hakuna aliyenituma: najaribu kukumbuka sauti ya Feza akisoma, nichape tena majina ya wale wanawake. Nimepata kumi na moja. La yule mgeni halimo, na mjukuu wake ana miezi mitatu, majirani bado wanamwita Kitoto.