Mwamuzi wa Santuri wa Panda

Katika kambi za wafanyakazi wa shaba za Panda, santuri mpya ilihesabiwa kuwa haijafika mpaka Barthélemy Kabangu aseme neno juu yake. Iliweza kukaa dukani kwa Mgiriki mwezi mzima, vijana wakaipigia mluzi njiani wakienda kazini, lakini bado ilikuwa kama mgeni aliyesimama uani akingoja kukaribishwa. Kila Jumapili ya mwisho ya mwezi, baada ya misa ya pili, kamati ya serkle, ile nyumba ya starehe ya wafanyakazi wa kampuni, ilileta santuri sita za jazi kutoka kwa Mgiriki. Mbili zilibaki serkle na kupigwa mwaka mzima. Nne zilirudi dukani Jumatatu asubuhi.

Barthélemy alikuwa fundi wa mashine ya kuvunja mawe ya shaba. Ujanani alipuliza tuba, lile baragumu kubwa la sauti nzito, katika fanfari, bendi ya kampuni, na huko ndiko alikojifunza kusikiliza. Aliketi karibu na gramafoni, macho ameyafumba, kiganja juu ya meza, na wimbo ulipokwisha alisema maneno machache tu. Juu ya mpiga tarumbeta mmoja maarufu alisema, "Huyu anapamba nyumba ambayo hakuijenga." Juu ya mpiga besi wa Brussels, ambaye jina lake lilichapishwa nyuma ya jalada kwa herufi ndogo kama sisimizi, alisema, "Huyu ndiye anabeba wengine ku mugongo. Andika jina yake." Firmin, mwalimu wa shule ya msingi na mwandishi wa kamati, aliandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya jalada. Watu walisema Baba Barthélemy hadanganyiki na tarumbeta. Mzee mmoja mpiga besi wa Kitwe, ambaye hata kwao hakujulikana sana, alivuka mpaka kuja kumshika mkono.

Ukweli ni kwamba Barthélemy alikuwa hasikii tarumbeta. Miaka ishirini na sita kando ya ile mashine ilikuwa imemla masikio kutoka juu kwenda chini, kama mchwa anavyokula paa kabla ya kuta. Kwanza walinyamaza ndege. Kisha kifuniko cha birika, kisha sauti za watoto wa katekisimu, kisha tarumbeta na klarineti. Huko chini vitu vilibaki salama: besi, ngoma, hatua za watu, sauti nzito ya padri. Yeye alisifu alichokisikia, na alijiambia kwamba huo si uongo. Mtu mwingine pekee aliyejua alikuwa mkewe, Marceline, ambaye bila kusema lolote aliacha kumwita kutoka jikoni, akawa anakuja kumgusa bega.

Mambo yangeendelea hivyo, lakini mwezi wa tano wa mwaka 1970, kati ya zile sita, ilikuja santuri ya Dominique.

Dominique alikuwa mpiga klarineti wa fanfari ileile. Walikaa kiti kwa kiti miaka kumi na mmoja. Baada ya pensheni alihamia kando ya ziwa Tshangalele, na watu walidhani klarineti yake imekwisha kuliwa na kutu. Kumbe mzee wa miaka sitini na tatu alikuwa amekwenda Lubumbashi na vijana wanne, akarekodi santuri ndefu, ya kwanza maishani mwake.

Firmin aliileta nyumbani Jumamosi mchana, kwa heshima.

"Sikiliza weye wa kwanza, mbele ya wengine, Baba. Kesho atakuya yeye mwenyewe. Minye nilimuona ku soko, iko na woga kuliko bibi arusi."

Firmin alipoondoka, Barthélemy aliiweka santuri kwenye gramafoni yake, akakaza kiganja juu ya sanduku. Besi ilikuja, safi, ya kijana asiye na haraka. Ngoma zilikuja. Mahali pa Dominique palikuwa patupu. Alirudia mara tatu. Mara ya nne alihisi mkono begani.

"Uko nasikia nini?" Marceline aliuliza, akimkabili uso kwa uso ili amwelewe.

"Besi. Na ule mutoto wa ngoma."

"Na Dominique?"

"Ni kama muntu anasema nyuma ya dirisha."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jambo hilo kati yao. Marceline aliketi na ungo wake wa maharagwe mapajani. "Anza tena," alisema. Akasikiliza pande zote mbili akichambua maharagwe, bila haraka.

"Minye si mwalimu wa muziki," alisema mwishoni. "Lakini anapanda pole, kama muntu iko na kikapu ya mayai ku kichwa, na ngazi inatikisika. Kiisha akifika juu, anacheka kidogo. Ile ni upande wa kwanza. Upande wa pili pumzi inamuishia."

"Kesho nitasema ile ya mayai."

"Na ile ya pumzi?"

"Ile tutaiacha humu ndani."

Marceline aliyainamia tena maharagwe yake.

Siku ya pili serkle ilijaa. Dominique alikaa mbele, amevaa koti, kofia magotini. Santuri tano zilipita. Mpiga piano mmoja asiyejulikana wa Liège alibakizwa kwa ajili ya mkono wake wa kushoto. Mkongwe wa Marekani, mpiga tarumbeta, alirudishwa. Ndipo ikapigwa ya Dominique, upande wa kwanza kisha wa pili, na Barthélemy alisimama.

"Anapanda pole," alisema, "kama muntu iko na kikapu ya mayai ku kichwa, na ngazi inatikisika. Akifika juu, anacheka."

Watu walipiga makofi. Dominique alijifuta uso kwa kitambaa, lakini hakutulia kitini.

"Na upande wa pili, ndugu yangu? Nambie kweli. Bale ba Lubumbashi banasema muzuri, muzuri, na hawanitazame ku macho. Banataka nirudi mwezi wa nane turekodi ingine. Weye haunidanganyake. Ukisema niweke klarineti chini, nitaiweka leo."

Neno "muzuri" lilikuwa tayari mdomoni mwa Barthélemy. Lingetoka kirahisi kuliko yote aliyowahi kusema katika chumba kile. Alimtazama Dominique, akaona kwamba mzee yule angelibeba neno hilo mpaka Lubumbashi na kulitegemea.

"Sikuisikia," alisema. "Hata upande wa kwanza. Ni miaka tatu sisikie klarineti. Ile maneno ya mayai ni ya Marceline."

Firmin aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake.

"Basi ule wa tarumbeta tulimurudisha ku Pasaka?"

"Labda alikuwa muzuri."

"Na huyu wa leo?"

"Naye labda."

"Baba," alisema Adrien, seremala mwenye maneno makali, "umetufungia tarumbeta inje miaka tatu. Ni kama kula kwa mupishi asiye na ulimi."

Walicheka, na si wote waliocheka kwa wema. Barthélemy aliketi, masikio yakimwaka moto.

Dominique hakucheka. Aligeukia mlangoni, walikosimama wanawake.

"Shemeki. Upande wa pili?"

Marceline alimtazama mumewe. Barthélemy akaitikia kwa kichwa.

"Pumzi inakuishia, shemeki. Wimbo wa mwisho umeupiga kama muntu anatafuta kiti."

Dominique aliizungusha kofia magotini. "Njo vile," alikubali. "Nilikuwa nakitafuta kweli. Mwezi wa nane nitapiga nyimbo ine tu, zingine nitaachia batoto."

Firmin aliomba wanaotaka ibaki wainue mikono, nayo ikainuka, hata wa Adrien. Akaandika kwenye karatasi: *Ibaki. Upande wa kwanza.* Chini yake akaandika jina la Marceline, kisha akamwomba Mama Marceline aje kuketi mbele, maana yule Mmarekani alipaswa kusikilizwa upya.

"Kwanza upige tena yangu," Dominique alisema.

Alivuta kiti karibu na Barthélemy, akamkunjia mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko. Sindano iliposhuka, aliweka vidole vyake juu ya mkono wa rafiki yake kama juu ya matundu ya klarineti, akafuata wimbo wake mwenyewe tangu mwanzo, akibonyeza na kuachia. Barthélemy alifumba macho. Pale katikati, juu ya ngazi ile, vidole vilipopanda vyote kwa pamoja na kukaa hewani kidogo, alitabasamu kabla havijashuka.