Mama Aliyeinua Mikono Yote Miwili

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye benchi la hospitali moja hapa Jinja, nikingoja kupimwa titi. Mlango wa daktari uliporwa wakati wa vita. Siku hizi pana pazia lisilofika upande wa pili, kwa hiyo sote tuliona na kusikia.

Daktari ni mtu wa Mbale, hajui Lusoga, lugha ya hapa. Mgonjwa wake, mama muuza vitenge kutoka Walukuba, hajui Lumasaba, lugha ya kwao daktari. Wakabaki na Kiswahili. Daktari alimwambia kwamba ana saratani ya titi, kisha akataka kumpapasa kwapani.

"Mama, inua mkono."

Mama akainua yote miwili, juu kabisa, akaugeukia ukuta na kufumba macho.

"Ndiyo, afande."

Benchi zima tulielewa. Nani kati yetu hakusimamishwa hivyo na askari barabarani, kwa maneno hayohayo ya Kiswahili? Redio inasema vita vimekwisha. Mabega yetu hayana redio.

"Mimi si afande, mama," daktari akasema. Akaeleza kwamba ingefaa tezi za kwapani zitolewe pamoja na titi, maana huenda ugonjwa umefika huko. Lakini mkono unaweza kuvimba, na kuuinua kukawa taabu. "Nenda ufikirie kwanza."

Mama akajitanda mtandio wake.

"Toa, bwana. Huu mkono nimeuinua vya kutosha."

Zamu yangu ilipofika, daktari hakuniambia niinue mkono. Aliinua wa kwake kwanza, akaningoja.